Anayeushika Mkono Wako Anadaiwa Maelezo

Ukimuuliza mtu wa Sumbawanga maana ya jina la mji wetu, atakujibu haraka, kwa sababu ameshaulizwa na wageni wengi wanaoshuka stendi. Sumba ni kutupa, wanga ni uchawi. Yaani ukifika huku, mzigo wako wa aina hiyo utupe kabla hujaingia. Watu wa Dar es Salaam wameligeuza jina hilo kuwa utani, na Mfipa aliyesoma chuo mbali na nyumbani lazima ameulizwa kama ni kweli kwetu watu wanasafiri kwa ungo. Tunacheka, tumezoea.

Mimi nimekuwa nikilifikiria jina hilo kwa upande mwingine, upande wa hospitali. Ukitupa uchawi lazima uwe na kitu cha kuweka mahali pake. Mtu akivunjika mkono, akatibiwa, halafu mkono ukakataa kupona, atauliza kwa nini. Kama aliyemtibu hana jibu, au analo lakini halitoi, atakwenda kulitafuta kwingine, na huko kwingine majibu hayajawahi kuadimika.

Swali la makala haya ni hili: mtu aliyeutibu mkono wa mwenzake ukaharibika anadaiwa nini? Wapo watakaosema anadaiwa fedha. Wapo watakaosema anadaiwa adhabu, afukuzwe kazi, afikishwe mahakamani. Nitajaribu kutetea jibu la tatu, ambalo naona linatangulia hayo mawili. Anadaiwa maelezo. Na katika mambo mengi tunayoyaita uzembe wa kitabibu, ubaya wenyewe unaanzia pale maelezo yalipokatika, hata kama mfupa uliharibikia mahali pengine.

Tuanze na mkono wenyewe. Una mifupa 27: minane midogo kwenye kifundo, mitano ya kiganja, na kumi na minne ya vidole. Kwa mtu wa ofisini kidole kikipinda ni usumbufu, atachapa kwa vidole vingine. Kwa mkulima wa Ufipa ni habari nyingine. Huku bado kuna watu wanaolima kwa jembe la mkono, na wazee wanakumbuka vizuri kilimo cha ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo majani yanafukiwa ndani yake yaoze na kuwa mbolea. Ulezi, maharage, mahindi, vyote vinapitia kwenye kiganja kinachoweza kufumba mpini mpaka mwisho. Kiganja kisichofumba mpini hakilimi, na asiyelima anakuwa mtu wa kuomba unga. Kwa hiyo ninaposema mkono umeharibika, naomba msomaji asifikirie kovu wala umbo baya. Afikirie msimu mzima wa mvua mtu amekaa barazani anawatazama wenzake wanapita na majembe.

Sasa nyoosha kidole gumba chako juu, kama mtu anayeomba lifti. Chini yake, karibu na kifundo, kunatokea kishimo kidogo kati ya kano. Zamani huko Ulaya watu walikuwa wanaweka ugoro hapo kabla ya kuuvuta puani, na vitabu vya tiba mpaka leo vinakiita kishimo cha ugoro. Ndani ya kishimo hicho kuna mfupa mdogo unaoitwa skafoidi, jina lililotokana na neno la Kigiriki la mtumbwi, kwa sababu ya umbo lake. Mtu akiteleza na kuangukia kiganja, huu ndio mfupa unaovunjika mara nyingi kuliko wenzake wote wa kifundo.

Na una tabia mbaya mbili. Ya kwanza, ukipasuka, picha ya kwanza ya eksirei inaweza isionyeshe ufa wowote. Picha iko safi kabisa na mfupa umevunjika. Ya pili, damu yake inaingilia zaidi upande wa vidoleni kisha inarudi nyuma kuelekea mkononi, kwa hiyo ufa ukikata njia hiyo, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu na kufa taratibu kama tawi lililokatwa. Ndiyo maana wanafunzi wa utabibu wanafundishwa kanuni moja rahisi. Mtu akiwa ameangukia kiganja na akiminywa kwenye kishimo cha ugoro anaruka kwa maumivu, mchukulie kuwa amevunjika hata kama picha iko safi. Mfunge, mwambie arudi baada ya siku 10 hadi 14, mpige picha nyingine. Kanuni hiyo haidai mashine ya mamilioni. Inadai kidole cha kuminya na mdomo wa kusema "rudi".

Nitaeleza habari ya mama yangu mdogo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nianze kuyafikiria haya. Jina lake nalihifadhi, na kituo cha afya alichotibiwa nacho nakihifadhi.

Aliteleza njia ya kisimani, mwezi wa pili, udongo wetu ukiwa umelowa unavyokuwa. Akaangukia mkono wa kulia. Kesho yake alipelekwa kwa bodaboda kwenye kituo chenye eksirei. Akapigwa picha. Tabibu aliyempokea alikuwa kijana mwenye adabu, akamwamkia kabla ya kumgusa.

"Mama, mfupa uko salama. Umeteguka tu. Meza hizi, utapona."

"Ahsante, baba. Mungu akubariki."

Mazungumzo yote yaliishia hapo. Akafungwa bandeji, akapewa dawa za maumivu, akarudi kijijini. Hakuna aliyemwambia arudi. Maumivu yalipungua kidogo, yakarudi, yakakaa. Mwezi wa nne akajaribu kuvuna maharage, mkono ukamgomea. Binti wa jirani alikuwa ameanguka msimu huohuo, naye akafungwa tu bandeji, na akapona kabisa. Hapo ndipo maswali yalipoanza. Kwa nini mkono wa yule umepona na wangu haujapona? Picha si imesema mfupa ni mzima? Kama mfupa ni mzima na mkono haufanyi kazi, ni nini kilichoushika?

Ukiwa Ufipa, swali la "ni nini" halichukui muda kugeuka kuwa "ni nani". Mganga mmoja akasema mkono umefungwa na mtu wa karibu, mwanamke, mjane. Jirani wa upande wa pili alikuwa mwanamke mjane. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Waliacha tu kumwamkia. Walipopika pombe ya ulezi hawakumwita. Watoto wakakatazwa kwenda kwake kuomba moto. Mwezi wa nane akahama, akaenda kwa mwanawe Laela.

Mwaka ulipokaribia kwisha ndipo mama mdogo alipopelekwa hospitali kubwa. Daktari wa huko akaiweka picha mpya kwenye mwanga, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Mfupa ulikuwa vipande viwili na nafasi katikati. Akamweleza kwamba ulivunjika siku ileile aliyoanguka, kwamba picha ya kwanza mara nyingine haioni, kwamba sasa ingehitaji upasuaji wa kuuunga, na kwamba muda uliopita umepunguza matumaini. Alieleza kwa dakika kama tano hivi. Mama mdogo alinyamaza, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Kumbe hapakuwa na mtu."

Nilikwenda kuonana na yule tabibu kijana. Sikwenda na kamera, nilikwenda kama mtoto wa mgonjwa. Alinikumbukia picha ile mara moja.

"Kaka, ile picha ilikuwa safi."

"Najua ilikuwa safi. Uliminya kwenye kishimo?"

Akakaa kimya. Halafu akasema, "Siku ile nilikuwa peke yangu. Foleni imefika getini."

Namwamini. Namwamini kabisa. Ndiyo maana naona habari hii inafaa kufikiriwa kwa makini kuliko visa vya kutisha tunavyovijua wote. Novemba 2007 nchi nzima ilisimama kusikia kwamba katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walibadilishana upasuaji: aliyekuwa na tatizo la mguu akafunguliwa kichwa, aliyekuwa na tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Mwaka 2018 Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, nayo ikakumbwa na kisa cha mgonjwa kufunguliwa kichwa asiyestahili. Makosa ya namna hiyo yanajipigia kelele yenyewe. Hakuna anayehitaji falsafa ili kuyatambua. Mkono wa mama mdogo haukupiga kelele. Uliharibika polepole, kwa adabu, baada ya tabibu mwenye adabu kusoma picha sawasawa kabisa.

Tunapozungumza mitaani tunayachanganya mambo matatu: ajali, kosa na uzembe. Ajali ni pale mtu alipofanya yote yanayotakiwa na mambo yakaharibika bado. Kosa ni pale alipofanya kitu kisicho sahihi, lakini mtu yeyote mwangalifu angeweza kukifanya. Uzembe ni pale alipoacha uangalifu ambao alijua, au alipaswa kujua, kwamba anadaiwa. Picha kutoonyesha ufa ni ajali. Kusahau kuminya kishimo, kwenye foleni ya namna ile, labda ni kosa. Kumruhusu mgonjwa aondoke bila njia ya kurudi, hapo naanza kusita.

Kuna ugumu mwingine. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika juu ya kile walichokiita bahati katika maadili. Madereva wawili wanaendesha vibaya sawasawa. Mbele ya mmoja anakatiza mtoto, mbele ya mwingine barabara ni tupu. Tunamlaumu wa kwanza kuliko wa pili, ingawa walichokifanya ni kilekile. Chukua binti wa jirani na mama mdogo. Tuseme wote wawili walihudumiwa namna moja, bandeji na dawa, bila kuminywa na bila kuambiwa warudi. Binti akapona kwa sababu hakuwa amevunjika. Mhudumu wake hakufanya vizuri zaidi ya yule kijana, alibahatika tu. Je, ni haki kumlaumu mmoja na kumsifu mwingine?

Jibu langu ni kwamba bahati inaweza kuamua nani ataumia, lakini haiwezi kuamua nani alikuwa anadaiwa. Wahudumu wote wawili walikuwa na deni lilelile siku ileile, kabla mfupa wowote haujapona au kufa: kumwambia mgonjwa wanachokijua, wasichokijua, na afanye nini kama mambo yakienda kinyume. Mmoja hakudaiwa tena kwa sababu mgonjwa alipona. Hilo halimaanishi kwamba alilipa.

Naomba turudi kwa yule mjane aliyehamia Laela, kwa sababu kwangu yeye ndiye mzito katika habari hii yote. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande wa Sudan, alieleza mfano wa ghala linalowaangukia watu waliokaa kivulini chake. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa ndio walioila miti. Wanachouliza ni kwa nini liangukie watu hawa, saa hii. Watu wetu wako vivyo hivyo. Mama mdogo hakuwahi kusema uchawi ndio ulioufanya udongo uteleze. Alichotaka kujua ni kwa nini wake haujapona. Swali lake lilikuwa halali, tena lilikuwa la kitabibu kabisa. Na lilikuwa na jibu la kitabibu, lenye damu inayorudi nyuma na mfupa wa umbo la mtumbwi. Aliyekuwa na jibu hakulitoa. Ndipo mjane akalipa deni lisilokuwa lake.

Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hii, Usukumani na kwingineko, siwezi kukubali kwamba ukimya wa chumba cha daktari ni jambo la kati ya watu wawili tu. Ukimya huo unatoka nje, unapanda bodaboda, unafika kijijini, na huko unatafuta mtu wa kumkalia.

Najua kuna msomaji ameshaanza kusema: basi afadhali waunga mifupa wetu wa kienyeji. Tuwape haki yao. Muunga mifupa anakuja nyumbani. Anaukanda mkono kila asubuhi, anaulizwa maswali na shangazi, anayajibu, anakunywa uji pale pale. Siku ya tano bado yupo. Watu hawampendi kwa ujinga, wanampenda kwa sababu hawaachi peke yao. Serikali nayo imemtambua: tangu 2002 tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na Baraza lake.

Lakini magango ya mwanzi yakikazwa kupita kiasi, mkono uliovimba ndani yake unakosa damu. Vidole vinakuwa vya baridi, vinakufa ganzi, vinabadilika rangi. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann aliueleza mwaka 1881 ule ulemavu wa vidole kukunjamana kama kucha za ndege baada ya misuli kukosa damu chini ya bandeji iliyobana. Plasta gumu, hiyo P.O.P ya hospitali, inaweza kufanya vilevile ikifungwa ovyo. Tofauti inakuja kwenye maelezo. Mgonjwa akisema "vidole vyangu havisikii", muunga mifupa mwema atafungua. Asiye mwema atasema mtu amekuchezea, na magango yatabaki.

Hapo ndipo naona tofauti ya maelezo na kisingizio, maana si kila jibu ni maelezo. Maelezo ya kweli ni yale yanayoweza kumshtaki hata anayeyatoa. Daktari anayesema "kama vidole vikifa ganzi rudi hata usiku, maana huenda nimekaza sana" amempa mgonjwa kipimo cha kumpimia yeye mwenyewe. Anayesema "umerogwa" hajampa kipimo chochote. Na anayesema "ni mapenzi ya Mungu" kabla hajafungua bandeji na kuangalia, hata akiwa na koti jeupe na shahada ukutani, amefanya kazi ya yule wa pili.

Sheria imelielewa jambo hili zamani, kwa njia yake. Mwaka 1951 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua shauri la Cassidy dhidi ya Wizara ya Afya. Bwana Cassidy alikuwa kibarua, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimekunjamana. Akapasuliwa, mkono ukafungwa kwenye gango gumu kwa karibu wiki mbili. Alilalamika maumivu, akapewa dawa za kutuliza. Gango lilipofunguliwa, vidole vyote vinne vilikuwa vikavu na mkono haufai kwa kazi. Mahakama ya chini ilimshinda kwa sababu hakuweza kuonyesha ni nani hasa katika timu ile aliyekosea. Angewezaje? Mkono wake ulikuwa umefungwa, na tiba yenyewe ilikuwa mikononi mwa wengine.

Mahakama ya Rufaa iligeuza mambo. Jaji Denning alisema, kwa maana yake, kwamba mtu huyu aliingia hospitali aponywe vidole viwili akatoka na vinne vilivyokufa. Jambo lenyewe linadai maelezo kutoka kwa hospitali, na hospitali haikuyatoa. Mzigo ukahama. Mgonjwa hakuhitaji tena kumtaja mkosaji kwa jina. Ukiniuliza mimi, hiyo ni hukumu ya maadili iliyovaa joho la sheria: ambaye mkono ulikuwa mikononi mwake ndiye anayejua kilichoupata, kwa hiyo ndiye wa kusema.

Sheria ya Uingereza ilituingilia rasmi Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920, na hukumu za baada ya hapo hazifungi mahakama zetu, ingawa mawakili wanazitaja na majaji wanazisikiliza. Huko huko Uingereza, mwaka 1957, shauri la Bolam liliweka kipimo kwamba daktari si mzembe kama alifuata utaratibu unaokubaliwa na wenzake wenye ujuzi. Bolam naye alikuwa mtu wa mifupa iliyovunjika, ilivunjika akiwa kwenye matibabu ya umeme. Mwaka 2015, katika shauri la Montgomery, Mahakama ya Juu kabisa ya huko ikasema kuwa katika kumweleza mgonjwa hatari za tiba kipimo cha wenzake hakitoshi tena: aambiwe yale ambayo mtu wa hali yake angeona ni muhimu kuyajua. Miaka 58 ilipita kabla sheria haijafika alikofika mama mdogo kwa sentensi moja.

Na kwetu? Njia zipo. Sheria ya mwaka 2017 imewaweka madaktari na wataalamu wa afya shirikishi chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na mwananchi anaweza kupeleka malalamiko huko. Mahakama Kuu ipo hapa hapa Sumbawanga. Lakini madai ya madhara ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Ukitaka kuishtaki serikali unatoa kwanza notisi ya siku 90. Hapo bado hujamtafuta wakili, wala daktari mwingine wa kuja kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake. Mama mdogo alipoteza karibu mwaka mzima akiwa hajui hata kwamba ana kitu cha kulalamikia. Picha yake ya kwanza haikujulikana ilipo. Mtu atadaije kitu ambacho hakuna aliyemwambia kwamba kilitokea? Maelezo ndiyo mlango wa haki zote nyingine. Ukiufunga huo, fidia na nidhamu vinabaki kwenye karatasi.

Wahudumu wa afya watanijibu, na wana hoja. Watasema: tukieleza kosa letu tutapigwa, tutapelekwa polisi, mkuu wa wilaya atakuja na waandishi wa habari, na ninyi waandishi ndio wabaya zaidi. Ni kweli kiasi. Tumezoea kuona kiongozi anasimamisha mtu kazi mbele ya kamera, watu wakapiga makofi, kesho yake kituo kimebaki na mhudumu mmoja pungufu na foleni ileile. Sheria za Hammurabi, karibu miaka 3,800 iliyopita, zilimpa tabibu shekeli 5 za fedha akiunga mfupa wa mtu huru, na zikamkata mikono akimuua mtu wa namna hiyo kwa upasuaji. Ukimkata mtu mikono kwa kosa, usitegemee atakuja kukuambia amekosea.

Kwa hiyo nakubali kwamba anayetaka maelezo lazima ayatenganishe na kisasi. New Zealand walifanya hivyo tangu 1974: aliyeumia analipwa na mfuko wa umma bila kwanza kumpata wa kulaumiwa, na lawama zinashughulikiwa kwingine. Sisi tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na sheria yake inapima hata kidole kilichopotea ni asilimia ngapi ya mtu. Lakini ni kwa wenye mwajiri. Aliyeumia kwenye shamba lake, mwajiri wake ni mvua.

Hoja ya pili ni ya foleni. Tabibu mmoja, wagonjwa wamejaa mpaka getini, Hospitali ya Kanda iko Mbeya, zaidi ya kilomita 300. Unataka ahutubie kila mmoja? Sitaki hotuba. Nataka sentensi mbili. "Picha haijaonyesha kuvunjika, lakini mfupa huu una tabia ya kujificha. Ukiendelea kuuma hapa, njoo baada ya siku kumi." Zinasemwa kwa pumzi moja. Kwa mtu wa Muze au Mtowisa, kule bondeni chini ya Lyamba lya Mfipa, ambaye nauli ya kupanda huku juu ni mfuko wa mahindi, sentensi ya pili bila ya kwanza haifai kitu. Ukimwambia "njoo" bila kumwambia kwa nini, atapima maumivu yake na nauli, na nauli itashinda. Upungufu wa watu na vifaa unamsamehe mhudumu mengi, na serikali ndiyo inayodaiwa hayo. Haumsamehe hizo sentensi mbili.

Hoja ya mwisho ndiyo inayoniuma: maelezo hayaungi mfupa. Ni kweli. Mama mdogo sasa analima kwa mkono wa kushoto, vibaya. Alikwenda Laela na kuku na unga wa ulezi kumwomba radhi yule mjane. Alipokelewa vizuri, wakala pamoja. Mjane hajarudi. Nyumba yake ilishaezuliwa mabati.

Kwa hiyo ukienda kutibiwa mkono, wewe au mzazi wako, uliza mambo matatu kabla hujatoka chumbani: umeona nini, hujaona nini, na nirudi lini nikiona dalili gani. Picha yako idai, uondoke nayo. Usiogope kuonekana mjuaji. Na wewe unayetibu, ambaye huenda unasoma haya usiku wa zamu, jua kwamba mgonjwa akitoka kwako bila jibu hakai bila jibu. Atapewa lingine kabla ya wiki kwisha, na jibu hilo huwa lina jina la mtu.